Kilemba cha Mama na Gari Jeupe

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa viti vya magari. Mtaani wanamwita Sindano, kwa sababu hata akienda msibani utaikuta sindano imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake, uzi unaning'inia. Ameshona viti vya magari ya watu tangu hajaota ndevu, na yeye hakuwahi kuwa na gari. Akimaliza kazi anakaa kidogo kwenye kiti alichokishona, anashika usukani, anatazama mbele, kisha anashuka na kumkabidhi mwenyewe ufunguo. Nimemwona mara nyingi akifanya hivyo, na kila mara niligeuza uso nisimtie aibu.

Naandika habari zake yeye kwa sababu wanaume wengine ninaowajua sina la kuwaandikia. Yule aliyekuwa mume wangu simtaji jina. Kinywa changu nakihitaji kwa chakula. Alikuwa na gari, na gari hilo lilitoka kwenye mgongo wangu, maana mimi ndiye niliyefua mashuka ya hospitali mwaka baada ya mwaka, na yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilikaa nyuma. Mbele alilaza koti lake lisikunjamane, na baadaye akamweka huyo aliyemweka. Tena alikuwa na tabia ya kuondoa gari kabla sijakaa. Mguu mmoja ndani, mwingine bado chini, yeye keshakanyaga mafuta. Siku ya mwisho alinishusha njia panda na mabegi yangu, akaondoka mlango haujafungwa sawasawa. Nikarudi kwa mama.

Nilikuwa sijamaliza kulia ya kwangu, mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Wakamtia chuma. Daktari akasema lazima aende hospitali kila wiki kufanyishwa mazoezi, la sivyo atalala moja kwa moja. Tukawa tunakodi teksi. Madereva wa teksi si watu wabaya, ila wana haraka: mmoja anamshika makwapani, mwingine miguuni, hao wanamwingiza. Na mama yangu ni mwanamke anayejiheshimu. Hata kwenda kuanika nguo uani hatoki bila kilemba, kirefu, kimekaa kichwani kama kimejengwa na mwashi. Siku moja walipomteremsha kwenye geti la hospitali sketi ilipanda mpaka kwenye mapaja, watu wakiona. Wiki iliyofuata akasema kichwa kinamuuma. Iliyofuata, tumbo. Halafu akatuita wote wawili.

"Msinibembeleze," alisema. "Siendi tena kubebwa kama gunia la viazi. Nikiweza kuingia kwenye gari mwenyewe na kutoka mwenyewe, nitakwenda. Nisipoweza, nitakaa humu humu."

Sindano akasema, "Basi nanunua gari."

Alikuwa anajiwekea akiba ya cherehani ya pili, ile kubwa ya kushonea ngozi. Hakuitaja tena.

Kwenye yadi ya magari, mawili ndiyo yaliyolingana na mfuko wake. Yote madogo, yote ya petroli, yote yamekwishazunguka dunia kabla ya kufika kwetu. Moja jeupe, la otomatiki, rangi yake inang'aa hadi unajiona meno. Injini yake ndogo, mafuta inalamba tu. Jingine la buluu, limefifia boneti kama shati lililoanikwa sana juani. Mafuta linakunywa zaidi kidogo, lakini spea zake zinapatikana mpaka kwa muuza misumari, na buti lake linameza marobota ya sponji. Ila ni la gia za mkono.

Sindano alilizunguka lile jeupe kama mtu aliyemwona mchumba. Nilijua kwa nini. Leseni anayo, lakini yeye na klachi hawaelewani. Mguu wake wa kushoto umezoea pedali ya cherehani. Ukiwekwa juu ya klachi unaanza kushona. Mwalimu wake wa udereva alikuwa akimwambia, "Fundi, tunaendesha gari hapa, au unanipunguzia suruali?"

"Hilo jeupe lilikuwa la mwalimu wa kike," alisema mwenye yadi. "Alikuwa analiendea sokoni tu."

"Kila gari humu lilikuwa la mwalimu wa kike," nikamwambia. "Sasa hao watoto walifundishwa na nani?"

"Dada yako ana ulimi, fundi."

"Ulimi huo umetulea," alisema Sindano, huku bado anasugua mkono kwenye mlango mweupe.

Wakakubaliana lile jeupe liletwe nyumbani ili mama alijaribu. Akatoka na fremu yake ya kutembelea, kilemba cha kijani kichwani, akageuza mgongo, akakaa. Tuseme alizama. Kiti kile kiko chini, magoti yakamjia kifuani. Kuingia aliingia. Kutoka ndiyo kazi. Alishika mlango, akashika kingo za kiti, akajisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena. Alipofanikiwa kusimama, midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Zuri, baba," alimwambia mwanawe. "Linanukia upya."

Sindano aliinama akatazama ukingo wa kiti, mahali vidole vya mama vilipokamata. Kitambaa kilikuwa kimevutika na mshono umefumuka kidogo. Yeye ni fundi, hahitaji kuambiwa.

"Kiti kiko chini tu," alisema. "Na kiti ndiyo kazi yangu. Nisubirini."

Akakimbilia karakana. Akarudi na kipande cha sponji ngumu alichokikata kwa kipimo cha mama, tena amekivika kitambaa safi, japo kilikuwa cha kujaribia tu. Akakiweka. Mama akakaa. Safari hii magoti yalikaa vizuri na miguu ikaingia kwa adabu. Lakini alipoinua kichwa, kilemba kikagonga dari. Kikashuka. Kikamfunika macho yote mawili, na yeye akabaki amekaa vile vile, mikono mapajani, kama anasubiri kupigwa picha.

Mwenye yadi alicheka. Hata mimi nilicheka, nisiwe mwongo.

"Hapa pazuri," alisema mama kutoka ndani ya kilemba. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Si neno, baba. Nitakuwa nakivua nikiingia."

Nikaacha kucheka. Sauti ile naijua. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi nikisema si neno, nitakaa nyuma. Si neno, weka koti lako. Nilitaka kusema kitu, nikaogopa, maana lile gari jeupe lilikuwa limemkaa mdogo wangu moyoni, na mimi maisha yangu yamenifundisha kwamba mwanaume akishapenda kitu, wewe ndiye unayejipunguza ili kitu kikae.

Sindano alichuchumaa mlangoni. Akamwinulia mama kilemba kwa mikono miwili, polepole, akakipanga, akarudisha nyuma unywele mmoja mweupe uliochomoza. Kisha akamgeukia mwenye yadi.

"Bwana, kaniletee lile la buluu."

"La gia? Na ule mguu wako?"

"Mguu utajifunza. Ni wangu, si wa mama."

"Baba, wewe unalipenda hili," alisema mama.

"Nalipenda. Hata binti wa fundi saa nilimpenda, akaolewa na mwingine, na mpaka leo nakula na kulala."

La buluu lilipofika, mlango wake ulifunguka wazi kabisa, na kiti chake kilikuwa na kimo kile kile cha kiti cha mama cha sebuleni. Akageuza mgongo, akakaa, akainua mguu mmoja kwa mikono, akainua wa pili. Juu ya kilemba ukabaki upenyo wa kupitisha kiganja. Akatoka mwenyewe. Tukadhani imetosha, akaingia tena.

"Nahakikisha," alisema. Akavuta mlango, akaufunga kwa mkono wake, akatazama mbele. "Mbona hatuondoki?"

Hatukuondoka siku ile, wala wiki ile. Sindano alikuwa anajifunza gia kwenye uwanja wa shule alasiri, na gari lilikuwa linazima kila kona. Watoto walimfuata nyuma wakimshonea suruali kwa midomo, wanaiga mlio wa cherehani. Mimi nilikaa pembeni yake nikimsemesha, "Achia kidogo kidogo, si cherehani hiyo," na yeye anatoka jasho.

Siku ya hospitali, mama alitoka na kilemba kipya, kirefu kuliko vyote. Juu ya mlango wake Sindano alikuwa ameshona kishikio cha utepe wa mkanda wa gari, mishono mitatu mitatu, mtu hata akining'inia hakichomoki. Mama akakishika, akaingia. Mimi nikabeba fremu, nikafungua mlango wa nyuma. Na huko nyuma nikakuta kishikio kingine, cha utepe ule ule, upande ninaokaa mimi.

"Hiki cha nani?" niliuliza. "Nyonga zangu mimi nzima."

"Najua, dada," alisema, huku anarekebisha kioo.

Nikakishika. Nikakaa, nikaweka fremu magotini, nikafunga mlango. Gari likabaki limesimama, injini inanguruma taratibu.

"Limezima tena?" aliuliza mama.

"Halijazima, mama. Namsubiri dada akae."

Nilikuwa nimeshakaa. Nikasogeasogea kidogo, nikavuta sketi, nikaipanga fremu upya, ili anisubiri zaidi.