Namnyaki na "if" tatu za Bibi Susana

Shangazi yangu Namnyaki alikamua ng'ombe wa mzungu kwa miaka minne, enzi za Wajerumani, na hakuwahi kumwaga hata tone. Anayebisha akawaulize ng'ombe.

Mzungu mwenyewe hakuwa Mjerumani. Alitoka kusini na magari ya maksai, akiandamana na makaburu, akapewa ardhi juu ya Moshono, pale pale mfereji wetu ulipopita. Nyumbani kwake walisema Kiingereza. Watu walimwita Bwana If, maana hakuweza kuomba hata chumvi bila kuanza na neno hilo. Ukichelewa, utafukuzwa. Ukiiba, utapelekwa bomani ukale viboko hamsa ishirini.

Mkewe, Susana, alikuwa mwalimu huko kwao. Huku hakuwa na watoto wa kufundisha, ila alikuwa na Namnyaki, ambaye Kiingereza alikiokota zizini kama kuku anavyookota mtama. Siku moja Namnyaki alitaka kusema kwamba akimaliza kukamua atafagia, akasema "if I will finish." Bibi Susana akagonga ndoo kwa kijiko. Akasema baada ya "if" haiwekwi "will". Hiyo ina upande wake, ule mwingine wa sentensi. Namnyaki akaelewa mara moja. Ni wake wenza hao, kila mmoja na nyumba yake.

Baada ya hapo alifundishwa "if" tatu, moja kila msimu, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Ya kwanza ni ya jambo linaloweza kuwa: mvua ikinyesha, nitapanda. Hiyo ndiyo yenye "will", na mtu anaweza kuishika kama ahadi. Ya pili ni ya jambo ambalo msemaji haoni litatokea: ningekuwa na mabawa, ningeruka. Hapo kitenzi huvaa nguo za jana ingawa habari ni ya leo, na "will" hugeuka "would". Ya tatu ni ya maziwa yaliyokwisha kumwagika: ningalimfunga ndama, yasingalimwagika. Hapo huja "had", na ng'ambo yake "would have". Namnyaki alisema hata kwao zipo zote tatu, tena bila kitabu. Bibi Susana hakufurahi.

Mwaka wa tatu, mvua za masika ziliporomosha jiwe likaangukia mfereji. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanambuzi aliyelipanda aliteremka akiwa bibi mwenye wajukuu. Maji yakageuka, yakaingia malisho ya Bwana If. Ulipofika ukame, migomba ya Moshono ikaanza kukunja majani. Lerionka, baba yake Namnyaki, alisema ukipita mwezi mmoja hivyo, watahama. Alikuwa na watoto tisa na shamba moja.

Akapanda na wazee watatu kwenda kuomba maji. Namnyaki akaacha ndoo, akawa mkalimani. Bwana If aliwasikiliza akiwa amesimama karibu na zizi. Alichuma majani mabichi, akawa anachokonoa meno kwa ubua mmoja, kisha akasema kwa Kiingereza: "If you moved that stone, I would give you the water."

Namnyaki hakuwadanganya wazee.

"Anasema mngeliondoa jiwe, angewapa maji. Ni ile ya pili, Baba. Anatucheka."

Lerionka hakumtazama mzungu usoni. "Mkononi ameshika nini?"

"Majani."

"Makavu?"

"Mabichi."

"Basi tumemsikia," Lerionka akasema. "Ya pili tutaigeuza ya kwanza."

Kwetu, anayesema neno mbele ya wazee akiwa ameshika majani mabichi amelifunga neno hilo. Akilikana, hasalimiwi, na kazi yake haiguswi na mtu. Mzungu yule alidhani anasafisha meno.

Moshono nzima ilipanda na kuni. Walilizungushia jiwe moto siku tatu bila kuuacha upoe. Ulionekana mpaka Olmotonyi, na nyuki wa huko wakahama mizinga, wakidhani jua limeshuka kuishi nasi. Siku ya nne wanawake wakaja na vibuyu vya maji ya baridi, wakamwaga wote kwa pamoja. Jiwe likapasuka kwa kishindo, wanaume wakaviringisha vipande. Maji yakashuka.

Jioni yakakauka. Bwana If alikuwa ameziba mfereji kwa mbao.

Asubuhi wakamuaji wote walikuja kazini mapema. Wakapindua ndoo, wakazikalia. Jua lilipopanda, ng'ombe arobaini wenye viwele vilivyojaa walianza kulia, hadi Bwana If akatoka na shati halijafungwa vifungo. Aliuliza kuna nini. Namnyaki akamwambia ni majani aliyoyashika. Akamweleza yote, polepole, kama Bibi Susana alivyomweleza yeye.

Bwana If akasema angalijua, asingalisema.

"Hiyo ni ya tatu, Bwana," Namnyaki akamjibu. "Ya tatu haifungui mfereji."

Bwana If akamgeukia mkewe, aliyekuwa mlangoni na kikombe. Bibi Susana akasema ni kweli, hiyo ni ya tatu. Akaongeza kuwa hata yeye aliyasikia maneno ya mumewe siku ile. Kisha akamtazama Namnyaki kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Namnyaki akasimama. Alisema kwa Kiingereza, "If you open the water, we will milk," yaani akifungua maji, watakamua.

"Will" ilikuwa nyumbani kwake. Bibi Susana alisubiri kosa, hakulipata, akanywa chai yake.

Bwana If alikwenda mwenyewe kung'oa mbao. Namnyaki alimfuata mpaka mferejini, akahesabu mbao zote nne zikitoka, ndipo akarudi akapindua ndoo yake. Siku ile maziwa yalikosa vyombo, wakajaza hata kofia ya bwana.

Maji yaliingia shambani kwa Lerionka adhuhuri. Hakuhama. Alichuma majani mabichi akayatia ndani ya mfereji, yakaelea kuelekea kwa jirani. Kipande kimoja cha jiwe lile kiko kwangu. Ndicho ninachonolea panga la kukatia ndizi.