Nyumba ya Bluu Niliyoijenga kwa Mabanzi

Haya, chekeni mkipenda, maana hapa Kihesa watoto wenyewe wananiita Injinia Mabanzi nami naitikia, nitafanyaje. Ila mkimaliza kucheka mnisikilize, kwa sababu huko mbele hakuchekeshi.

Mimi nauza vitenge mjini, nyundo naishika pale msumari wa kalenda unapong'oka. Lakini kuelekea Idi nikaamua kuwajengea wanangu nyumba ya kuchezea huko uani, ya juu, ya kupanda kwa ngazi, na badala ya kununua mbao nikachukua mabanzi na nguzo zilizobaki tulipomwaga zege la nyumba (mabanzi ni yale maganda ya msonobari yanayobaki wakipasua mbao, bado yana magome), yote yamenyeshewa msimu mzima, na misumari nikaichomoa humo humo nikainyoosha kwa jiwe. Mke wangu akaja akabonyeza nguzo moja, kidole kikazama.

“Baba Nasra, hii imeoza. Si umwite fundi?”

Nikamwambia rangi itaficha. Nikapaka bluu, ikapendeza, nikajiona mtu.

Sikukuu ile dada yangu Zuhura wa Mbeya alikuwa ameniletea mwanawe, Ilham. Tangu afiwe na mume hamwachi mtoto huyo kwa mtu yeyote, kwangu tu ndiko alikokuwa anamwacha.

Nilichosahau ni Idi yenyewe. Nyumba niliipimia wanangu wawili, na mnajua siku ile watoto hawakai kwao, wanazunguka nyumba hadi nyumba na nguo mpya wakidai mkono wa Idi, wakishakula pilau wanahamia kwa jirani. Walipoiona ya bluu hawakuhama, wakapanda, wakajaa mpaka wengine wakaning'inia kwenye ngazi. Mtu mwenye akili angewashusha. Mimi nikatoa simu nikaanza kurekodi, niwatumie grupu la ukoo.

Ilham akachungulia dirishani. “Mjomba, inacheza.”

“Haivunjiki hiyo, mama. Rukeni muone.”

Wakaruka. Nguzo ile ile ikakatika, nyumba ikalala ubavu, watoto wakamwagika juu ya mabanzi yenye misumari. Wengi waliinuka na mikwaruzo na nguo zimechanika, Ilham hakuinuka, mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Baba wa mtoto mmoja alinikwida mbele ya wageni wangu, kanzu ikachanika hadi kitovuni, nikaingia nayo hospitali hivyo hivyo nimembeba mtoto. Niliogopa sana, siwadanganyi. Na katika kukurupuka huko kidole changu kilikuwa kimeshaituma video.

Dada alifika kesho yake kwa basi. Hakunisalimia. Alikaa kitandani kwa mwanawe, akafungua simu, na wodi nzima ikasikia sauti yangu ikicheka: haivunjiki hiyo, rukeni muone.

“Mtoto alikwambia, Salimu,” akasema taratibu. “Alikwambia.”



Mkono uliunga, ila haunyooki sawasawa. Mabanzi nimeyachoma, nyundo nimeigawa, na siku hizi mtoto yeyote akiniambia kitu kinacheza nashusha watu kwanza, kuangalia baadaye. Idi iliyofuata nilimpigia dada nikamwomba Ilham aje. Akasema hapana, watakula sikukuu huko huko Mbeya. Aliongea vizuri tu, hata hali ya mama Nasra akaiulizia.