Shemeji anasema mimi si mke, lakini anataka saini yangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana huyu jamaa anasoma hii page akitafuta maneno ya kuiba.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, fundi wa kushona uniform. Naishi Mugutha kwa ploti tulijenga na marehemu mume wangu. Tumekaa na yeye miaka ishirini na mbili, watoto wawili, lakini mambo ya ruracio, ile mahari yetu, hakumaliza. Kila mwaka ilikuwa "mwaka ujao, mama", mpaka akaenda.

Sasa kuna kaka yake mkubwa, wa Makongeni. Huyu aliwahi kuwa mtu wa kupeleka barua kwa ofisi ya loya mmoja hapo Thika. Basi! Siku hizi yuko laivu Facebook na tai ya kuazima. Jumatatu anachambua talaka, Jumatano mashamba, Ijumaa haki za wapangaji, na yeye mwenyewe landlord alimtolea viti nje. Watu wanamwita wakili na anaitika bila haya. Ngai!

Juzi alifanya somo la "wanawake wa kuja-tukae". Akasema bila mbuzi wa ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa ya kimila, hakuna mke, kuna mgeni tu. Hakunitaja, lakini ukoo wote ulijua ni mimi. Kesho yake asubuhi huyoo, kwa mlango wangu, na fomu.

"Mama Shiru, weka saini hapa kwamba hudai hii ploti."

Nikamuuliza, "Kama mimi ni mgeni, saini yangu ni ya nini?"

Akaanza kukohoa. Kumbe chifu ameandika kwa barua yake kwamba mimi ndiye mjane, na kortini wamemwambia faili ya urithi haisongi bila mimi. Profesa mzima! Tena kuna dada wakili kanisani kwetu, wakili wa ukweli, aliniambia korti inaweza kuangalia hiyo miaka tumekaa na ikanihesabu mke, na hata ikikataa, haki ya watoto iko palepale. Alitumia dakika tano, bila tai.

Ningemfukuza, lakini anajua pa kunishika. Mwezi ujao wakwe wa msichana wangu, Shiru, wanakuja kuleta ruracio. Wa kuwapokea ni wazee wa upande wa baba yake, na mkubwa wao ni huyu takataka. Akaniambia, "Usipotia saini, hakuna mzee wa kwetu ataketi hapo."

Msichana alikuja Jumapili akilia. "Mami, sign tu. Nitaolewa kama mtoto hana kwao?" Nilimzaa, najua uchungu wake.

Alipotoka nikachukua ile fomu niisome yote, kwa sababu nilikuwa nimeitupa tu kwa meza. Kuna mistari mitatu ya saini. Wa kwanza wangu, wa pili wa Shiru, wa tatu wa kijana wangu. Wa Shiru uko na saini tayari. Mtoto wangu amepeana nyumba ya baba yake ili huyo mtu akubali kuketi kwa kiti, na ameogopa kuniambia.

Wazazi wenzangu, hasira ya shemeji naiweza. Nishaurini tu, huyu msichana nimwanzie wapi?