Kadi za Manjano
Sikumpenda yule mkurugenzi wetu, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Alituletea boksi la kadi za rangi, kalamu za wino mnene na programu ya kompyuta aliyoiita ghala la maarifa. Shirika letu lilikuwa likitia dawa visima vya majumbani Mji wa Kale, na kazi yenyewe ilifanywa na akina mama wa mitaa hiyo hiyo. Mimi nilikuwa msimamizi wao. Waliyoyajua walinieleza jikoni kwao, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi: kisima kipi hunuka mvua ikinyesha, choo cha nani kimepasuka. Niliyaweka kichwani, nikapeleka dawa kimya kimya.

"Maarifa yaliyo kichwani mwako ni hasara kwetu," mkurugenzi aliniambia. "Ukiondoka kesho, unaondoka nayo."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Akaitisha kikao cha kujifunza. Kila mama aandike kwenye kadi ya manjano jambo lililoharibika mtaani kwake, kisha aibandike ukutani. Nilimvuta kando nikamwambia kwamba huku mtu hasemi hadharani kuwa maji ya nyumba fulani ni machafu. Ni kuwavunjia watu heshima, na hata posa ya binti yaweza kurudishwa kwa neno kama hilo. Akacheka. "Kadi hazina majina," akasema.

Majina ya nini? Wanawake wale wameandikiana orodha za harusi na hitima tangu usichana wao. Kila mmoja anaujua mwandiko wa mwenzake. Basi kadi zikajaa ukutani: Maji mazuri. Alhamdulillahi. Hakuna tatizo. Bwana mkubwa akazipiga picha, akaziingiza kwenye ghala lake, na kwa kuwa ghala lilisema hakuna tatizo, dawa yetu ikapelekwa mitaa mingine.

Kadi moja niliitambua. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyeninong'oneza wiki ile ile kwamba kisima chake kimeingiliwa na maji ya choo. Ukutani alikuwa ameandika maji mazuri. Nami nikanyamaza. Nilitaka yule bwana aumbuke mbele ya wafadhili wake, na programu yake iumbuke naye. Nilingoja kwa hamu kabisa.

Mvua ikanyesha. Mjukuu wa yule bibi, mtoto wa miaka miwili, akalazwa kwa kuhara, macho yamemdidimia. Nilipokwenda hospitali kumjulia hali, nilianza papo hapo kumponda mkurugenzi na kadi zake. Bibi alikuwa akimpangusa mtoto midomo kwa ncha ya leso. Aliniacha nikaongea mpaka nikamaliza.

"Yule ni mgeni, hajui kitu," akasema. "Mimi naliona haya kuandika ukutani. Na wewe, mwanangu, ulizuiwa na nini?"