Masrawiyah na Spika Arobaini

Masrawiyah aliuza vyakula hapa mjini Sampit kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kujenga mnara wa mbayuwayu juu ya nyumba yake. Mnara wenyewe ni giza tupu, tundu moja tu la ndege kuingilia. Spika za nje hutoa kelele za kundi linaloita wenzake. Za ndani hutoa mlio wa makinda, ili ndege wakiingia watulie na kujenga vile viota vya mate vinavyotafutwa na wapika supu.

Mwaka wa kwanza hakupata hata kiota kimoja. Kila jioni ndege walikuja, wakazunguka tundu, wachache wakaingia, kisha wote wakageuka na kwenda kulala kwenye mnara wa jirani yake, Haji Bastami.

"Asante dada, unaniitia wageni," Haji alimtania kutoka barazani.

"Cheka tu, Haji. Hilo jino la dhahabu litakuponyoka."

Fundi wake wa spika, Jumbri, aliitwa mara tatu. Mara zote alisimama chini ya ngazi, shati puani, maana kuta za ndani zilipakwa kinyesi cha ndege ili panuke kama kwao.

"Spika zimekufa, shangazi. Badilisha."

Akabadilisha zote arobaini. Ndege wakaendelea kwenda kwa Haji. Masrawiyah akawa mkali hata kwa sisi wateja wake. Ukimwomba pilipili, anakutazama kama umemtukana.

Mwaka wa pili, siku moja alasiri, alikaza saruni yake akapanda mwenyewe. Akaketi gizani, goti likimuuma, akatega sikio. Humo ndani spika zilikuwa zikipiga makelele ya kundi zima. Alitoka, akainamia spika ya nje, pale tunduni. Piii, piii, piii. Makinda.

Hapo hapo akampigia simu Jumbri.

"Wewe! Sauti za nje umeziweka ndani, za ndani umezipeleka nje!"

"Haiwezekani, shangazi."

"Panda usikie!"

Safari hii alipanda. Akashuka, akaifungua amplifaya, akachomoa nyaya mbili na kuzibadilisha mahali. Hata dakika mbili hazikufika.

"Kumbe ni nyaya tu," akasema, akijaribu kucheka.

"Nyaya tu? Miaka miwili, Jumbri! Spika arobaini! Goti langu! Na pua yako ndiyo ilikuwa inaona kinyaa kupanda?"

"Nisamehe, shangazi."

"Ondoka kabla sijakumwagia mchuzi."

Wiki ile ile ndege saba walilala ndani. Kufikia mwezi wa mfungo kulikuwa na viota vinne, vidogo kama maganda ya yai. Nilimpa hongera nilipokwenda kununua futari. Alinifungia chakula changu bila kuinua macho.

"Mbayuwayu akishazoea kwa mtu hahami," alisema. "Walionipita miaka hii miwili wote wana watoto kwa Haji. Hongera ya nini?"