Yunifomu ya Shule ya Jikoni

Kila asubuhi Mama alitoka jikoni, akafunga mlango, akasimama kidogo kwenye korido, kisha akabisha hodi na kuingia tena akiwa Mwalimu. Sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tulisimama nyuma ya meza ya kulia chakula na kuitikia kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu!" Alikuwa na kanga ile ile na ndala zile zile, na harufu ya vitunguu haijamtoka mikononi, lakini ole wako umwite Mama kabla ya saa saba mchana. Mwalimu hakuwa na mtoto mle ndani.

Mdogo wangu, ambaye mdomo wake ulimzidi umri, aligundua mapema faida ya mpango huo. Akipigwa rula kwa kuchora vikaragosi kwenye daftari la hesabu, alivumilia mpaka saa saba, Mwalimu akatoka, Mama akaingia, ndipo akafungua mashtaka. "Mama, Mwalimu wetu ananionea." Mama alimsikiliza hadi mwisho, uso mkavu kabisa. "Nitazungumza naye," alisema. Kesho yake akaleta majibu: "Nimezungumza naye. Amesema urudie zoezi lote."

Shule hiyo haikupangwa na mtu. Mama alikuwa mwalimu wa kusomea kwao Morogoro, na huko ndiko Baba, kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni, alikomkuta akamwoa. Nchi ya Baba ilipofunguka tukahamia Johannesburg, kwenye fleti ya ghorofa ya sita inayotazama bustani ya Joubert Park. Shule za karibu zilikuwa zimejaa, na ile moja yenye nafasi ilitaka turudi darasa la kwanza kwa sababu Kiingereza chetu kilichechemea. Mama akasema atatufundisha mwenyewe mwezi mmoja tu. Mwezi huo ukawa kama mgeni anayesema hakai, halafu unamsikia anaulizia sabuni ya kufulia.

Sisi hatukulalamika, maana darasa letu lilikuwa na miguu. Jiografia tuliisomea Park Station, stesheni kuu ya mji, tukisoma vibao vya mabasi na kuitafuta Bulawayo na Maputo kwenye ramani iliyochanika katikati. Bustanini tulitazama wanaume wakicheza chesi kwa vipande vilivyomfikia mdogo wangu kiunoni, na Mwalimu alitutaka tueleze kwa nini yule mwenye kofia nyekundu atashindwa kabla hajashindwa. Ijumaa tulikwenda mtaa wa Mayfair, Mama akaswali, kisha tukatumwa kupatana bei ya iliki na Wasomali waliokipiga Kiswahili cha Nairobi kutushinda. Hata kuvuka barabara lilikuwa somo. Tulifundishwa kwamba taa za barabarani katika nchi hii huitwa roboti, na mdogo wangu alihuzunika wiki nzima kwamba hazitembei.

Shida ilikuwa moja. Mtoto akionekana mtaani saa nne asubuhi bila yunifomu, kila mtu mzima anajiona polisi. Walinzi, wauza ndizi, madereva wa teksi, wote walituuliza kwa nini hatuko shule, na mimi, nikiwa mkubwa, ndiye niliyejibu. Siku moja stesheni nilimwambia mlinzi kwamba leo hatusomi, mwalimu wetu anaharisha.

"Pole yake," mlinzi akasema. "Yuko wapi?"

"Yule pale, ananunua karanga," mdogo wangu akajibu.

Mlinzi alimwendea Mama kwa heshima zote na kumwonyesha choo kilipo. Mama alishukuru bila kuelewa, na hatukumweleza mpaka tulipofika nyumbani.

Mtu mmoja tu hakuchekeshwa na shule yetu: Gogo, mama yake Baba, aliyekaa Soweto katika nyumba ile ile aliyomlelea Baba. Tulikwenda kwake kila Jumapili. Gogo alisema Kizulu. Hapa ninamsemesha Kiswahili, na angejua angenifinya. Hakuuliza tunajua nini. Mdogo wangu angeweza kumtajia mito yote ya Afrika, naye angengoja amalize, kisha aulize, "Na yunifomu iko wapi?"

Jumapili moja, mwaka ukielekea ukingoni, alitangaza kwamba amekwisha kuongea na shule ya mtaani kwake. Januari tungeingia huko kama watoto wa watu, na siku za shule tungelala kwake. Baba alijibu, "Eish, Ma," akainuka kuaga. Njiani kurudi akamwambia Mama, "Tangu nirudi nyumbani hajaniomba kitu. Hiki nitamkatalia kwa uso gani?"

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliingia darasani bila kubisha hodi, na hapo nikajua mambo yameharibika. Mama alikuwa ameacha kazi yake, ndugu zake na nchi yake, na katika nchi hii mpya hakuna aliyemwita Mwalimu isipokuwa sisi. Sasa tulikuwa tunachukuliwa hata sisi, na wiki nzima ile hakutupeleka popote.

Mimi ndiye niliyeona mlango wa kutokea. Gogo hakutaka shule, nilimwambia mdogo wangu. Gogo alitaka yunifomu. Basi apewe yunifomu.

"Mnataka nifume uongo niutie na vifungo?" Mama aliuliza nilipomweleza.

"Shule ipo," nikasema. "Mwalimu yupo. Wanafunzi tupo, ingawa mmoja ni mjinga. Uongo uko wapi?"

Mama alicheka, mara ya kwanza wiki ile, na tukashuka wote kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Fundi alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, na kazi yake kubwa ilikuwa kushona nguo za walinzi.

"Mama, hii yunifomu ni ya masomo gani?" aliuliza, maana kwao shule ndiyo masomo.

"Ya kwetu, Fundi."

"Kwenu ni wapi?"

"Ghorofa ya sita."

Fundi akaweka mkasi chini apate kucheka vizuri. "Yesu wangu! Bon, leta batoto nipime."

Alitushonea kwa mabaki ya kitambaa cha walinzi, buluu nzito isiyopitisha upepo. Mimi, na sketi yangu, nilionekana mwanafunzi. Mdogo wangu alionekana mlinzi mfupi, na askari wa mlangoni kwetu alimpigia saluti siku ile hadi tukaogopa atampa zamu. Kwa beji ya kifuani tulichagua birika, kwa kuwa birika ndilo lililokuwa kengele yetu: likipiga mluzi, mapumziko. Fundi alilidarizi kwa uzi wa manjano, na akaongeza mvuke wa bure.

Jumapili Gogo alitukuta getini. Alituzungusha, akatazama pindo, akatushika kola mmoja baada ya mwingine na kuzinyoosha, ingawa hazikuwa zimekunjamana. Kisha akatupeleka mtaani kama mtu anayetembeza ng'ombe wapya. Kituo cha kwanza kilikuwa kwa jirani yake, mama mmoja wa kanisani ambaye hajawahi kuonekana bila kofia. Gogo alimwarifu kwamba wajukuu zake wanasoma shule ya binafsi mjini, na akaitaja kwa jina refu la Kiingereza ambalo hapo ndipo tulipolisikia kwa mara ya kwanza. Mkuu wake, alisema, ni mwanamke wa kigeni, mkali kupindukia.

"Wanafundishwa nini?" mama wa kofia akauliza.

Mdogo wangu akaweka mikono nyuma na kughani jedwali la saba kwa Kiswahili, kuanzia saba mara moja mpaka mwisho, bila kupumua.

"Hicho ni Kilatini?"

"Ndiyo," Gogo akajibu. "Cha madarasa ya chini."

Baba aliinama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba. Siku ile Januari haikutajwa tena. Tulirudi mjini kama timu iliyochukua kombe, na Jumatatu Mwalimu alibisha hodi kwa nguvu mpaka birika likatikisika.

Uongo una miguu mifupi, lakini huu ulipanda ghorofa sita, tena lifti ikiwa mbovu. Alhamisi, tukiwa katikati ya mafungu ya kumi, mlango ulibishwa kweli. Mama wa kofia alikuwa amesimama nje akihema. Alikuwa na mjukuu, naye alitaka kumwandikisha shule ya wajukuu wa Gogo. Gogo alikuwa amejaribu kumzuia, akashindwa, akaamua kumfuata, na sasa alisimama nyuma yake akitukonyeza kwa macho yote mawili.

Mwalimu alijifunga kanga upya na kuwakaribisha. Walipewa viti vyetu, sisi tukasimama. Mama wa kofia alitazama ramani, akatazama sufuria ya maharage, akatazama birika jikoni na birika kifuani kwangu.

"Mbona kuna jiko?" akauliza.

"Leo wana somo la mapishi," Gogo akasema upesi.

Mdogo wangu akaangua kicheko. Mwalimu aligonga meza kwa rula na kumwamuru ageukie ukuta. Na mdogo wangu, kwa mazoea aliyokuwa nayo kila siku ya Mungu, akamgeukia mgeni na kumweleza kwa Kizulu safi alichookota kwenye ngazi zetu: "Nitamshtaki kwa mama yangu."

"Vizuri, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Huyo hapo. Lakini mpaka atoke nje kwanza."

Birika likapiga mluzi. Hakuna aliyekwenda kulitoa. Mama wa kofia alimtazama Mama, akamtazama Gogo, kisha akacheka mpaka ile kofia, kwa mara ya kwanza machoni petu, ikadondoka. "Mkuu mkali wa kigeni!" alisema akijifuta machozi. "Kumbe makoti wako!" Ndivyo Wazulu wanavyomwita mke wa mtoto wao.

Gogo hakucheka. Nilikuwa nimemwona Gogo amekasirika mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona amenywea. Alilishika pindo la sketi yangu, akawa analikunja na kulikunjua.

"Makoti," alimwambia Mama, "sikuwa naidharau kazi yako. Baba wa hawa alitoka kwangu asubuhi na yunifomu, ule mwaka wa maandamano ya wanafunzi. Nilimnyoosha kola nikamwambia asichelewe. Nikamwekea chakula. Alirudi na mvi, na mke, na watoto wawili. Simlaumu. Lakini tangu siku ile sijaona mtoto akitoka nyumba ile asubuhi na yunifomu, akarudi jioni ya siku hiyo hiyo. Nilitaka kuona hilo tu, kabla sijafa."

Mama wa kofia aliacha kucheka. "Nakumbuka," alisema. "Chakula kile ulikifunika kwa sahani. Hukutaka mtu akiguse." Akaokota kofia yake na kuishika mapajani.

Nilimpenda Gogo wakati ule kuliko nilivyokuwa nimempenda siku yoyote, na nilitamani lile birika kifuani liwe kitu kingine chenye heshima zaidi, simba au kitabu. Mama alizima jiko. Akatoka nje, akafunga mlango, na akakaa huko muda mrefu mpaka mdogo wangu akaninong'oneza kama nadhani amekimbia. Kisha akabisha hodi, akaingia, na akasema kwa Kizulu chake cha kuchechemea:

"Mkuu wa shule, Jumatatu darasa linaanzia kwako. Watoto watatoka getini kwako asubuhi. Saa za kurudi utapanga wewe."

Gogo aliuliza nani ndiye mkuu wa shule. Mdogo wangu akamjibu kwamba ni yeye Gogo mwenyewe, na kwamba mwanafunzi wake ana malalamiko mengi ya kumletea.

Jumapili tulilala Soweto. Asubuhi Gogo alitunyoosha kola getini na kusema, "Msichelewe." Baba aliomba ruhusa kazini akafuatana nasi. Tulipanda treni, tukaenda kutazama vile vilima vya manjano vya mchanga wa migodini, na Mwalimu akatueleza kwamba tunachokiona ni tumbo la ardhi lililotolewa nje, na dhahabu haimo. Mdogo wangu alitafuta hivyo hivyo. Jioni tulirudi miongoni mwa wanafunzi wa shule za mtaani, manjano hadi kwenye nyusi. Msichana mmoja aliuliza ile ya birika ni shule gani.

"Ya binafsi," mdogo wangu akajibu bila kusimama.

Gogo alikuwa getini, na kwa mwendo wa vidole vyake kwenye chuma nilijua alikuwa amesimama hapo kwa kitambo. Mama wa kofia alikuwa kwenye geti lake mwenyewe, akijifanya anafagia. Gogo alimpitisha mdogo wangu, akanipitisha mimi, akampitisha Mama. "Mmerudi," alisema kila mara, na kila mmoja wetu akajibu, "Tumerudi."

Baba alikuwa nyuma kabisa, amebeba mikoba yetu yote miwili na chupa ya maji. Gogo akaweka mkono getini asipite. Akamtazama, mtu mzima mwenye mvi kidevuni na vumbi la manjano viatuni, akamnyoosha kola.

"Wewe umechelewa," akamwambia.

Baba akatazama chini. "Nisamehe, Ma."

"Ingia. Chakula kimepoa."