Karatasi ya Siku Tisini

Iligharimu milioni tisa na laki nne, ukiacha nauli ya Kibaigwa hadi Dodoma, kwenda na kurudi, mara kumi na moja. Nimehesabu mara mbili. Nauli haininyimi usingizi, kila safari nilifika nilikolipia.

Milioni tano na laki nne zilikuwa zangu, faida ya mahindi. Milioni nne zilikuwa za dada yangu, mabaki ya kiinua mgongo chake, alizotenga kuezekea nyumba yake ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma.

Kampuni iliyoniuzia karatasi hiyo ilisaga unga, na mahindi ikinunua kwetu sokoni. Kwa benki walishakopa hadi wakaweka mashine rehani, wakageukia watu. Unatoa pungufu leo, unapewa hati yenye muhuri, siku ya tisini unalipwa milioni kumi kamili. Nyuma ya hati hakuna dhamana yoyote, ni ahadi yao tu.

Mhasibu wao alitaka tisa na laki nane.

"Tisa na mbili," nikasema.

"Mzee, hapa si sokoni."

"Umetaja bei, mwanangu. Ni sokoni."

Akashuka hadi tisa na nne kabla chai yangu haijapoa. Nikatoka pale kichwa kimevimba.

Kibaigwa, muuzaji akishuka haraka hivyo, nachomeka bambo, kile chuma cha kuchotea punje za katikati ya gunia, nione amefukia nini. Dereva wa lori nikimkopesha magunia kumi, namshikia kadi ya gari. Hawa wenye tai sikuwauliza watanilipa kwa kitu gani unga ukidoda. Nilishapunguziwa, basi.

Siku ya tisini walinipa soda. Ya mia na ishirini hawakunipa hata kiti. Sasa ofisi ina kufuli, na mwanasheria anasema benki inachukua mashine kwanza. Sisi wa karatasi tusubiri kitakachobaki, kikibaki.

Jumapili, dada alipotoka kanisani, nikampelekea ile hati. Tulikaa sebuleni kwake, juu yetu mbingu. Akaisoma mbele na nyuma.

"Jina langu liko wapi?"

Halikuwemo. Siku aliyonikabidhi pesa sikumwandikia hata mstari mmoja. Sisi kwa sisi hatuandikiani.

"Tungegawana faida, dada."

"Faida sijauliza." Akanirudishia hati. "Mimi hiyo kampuni siijui, mdogo wangu. Pesa nilikupa wewe. Mvua haiko mbali. Utaanza kunirudishia kiasi gani, na lini?"